Mafundo ya Huldah

Mungu alimpa Verlin Stoltz macho mawili makali, akasahau kumpa sababu ya kuyafumba. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa mkaguzi wa nyama katika machinjio ya kaunti yao, huko Ohio, akisimama na tochi na kisu, akikataa maini ya watu. Siku aliyostaafu, wachinjaji walimwandalia keki kubwa kuliko yoyote waliyowahi kumwandalia mtu waliyempenda. Walioanza kuteseka ni wakusanyaji wa makoti ya jeshi, maana sasa Verlin alikuwa na siku saba za wiki za kukagua mali zao.

Makoti yenyewe ni yale waliyovaa askari wa Marekani katika Vita vya Kwanza: sufu nzito yenye rangi ya zeituni, kola ya kusimama inayokaba koo, vifungo vya shaba iliyotiwa weusi, kila kimoja na tai wake. Verlin alikuwa nayo thelathini na moja. Yalining'inia katika chumba kilichokuwa cha binti yake, ambaye aliolewa Jumamosi na kufikia Jumatatu kitanda chake kilikuwa kimekwisha gawiwa kanisani. Baba alisema anampa mtoto nafasi ya kuanza maisha mapya.

Kila koti jipya, kabla ya kukanyaga chumba hicho, lililazwa kwanza kwenye friza wiki mbili kamili, ndani ya mfuko wa plastiki, ili baridi iue mayai ya nondo. Ndivyo wafanyavyo wenye akili katika shughuli hiyo. Bahati mbaya friza ilikuwa ya mkewe, Arlene, naye alikuwa na mipango yake humo: nyama ya kulungu, mahindi, na pai za tufaha za msimu mzima.

"Nimeolewa na mwanamume anayelaza marehemu juu ya pai zangu," aliwaambia wenzake wa kwaya. "Na marehemu wenyewe hawali hata kipande."

Mara mbili kwa mwaka wakusanyaji walikutana kwenye uwanja wa maonyesho wa kaunti, meza mia mbili, kahawa mbovu na donati za jana. Hapo ndipo Verlin alipong'ara. Wenzake wana kanuni moja wanayoijua kuliko Amri Kumi: nunua koti, usinunue hadithi. Muuzaji akikuambia babu yake alivaa koti hili akiteka bunduki tatu za Wajerumani, wewe angalia lebo ndani ya mfuko, angalia bitana, hadithi mwachie aondoke nayo. Verlin aliishika kanuni hiyo kama mtu aliyeitunga. Alitembea na tochi ndogo yenye mwanga wa zambarau, maana nyuzi za siku hizi zikimulikwa nayo hung'aa, na za zamani hubaki kimya.

Mwaka mmoja alikuja jamaa mwenye shati la mirabamiraba, amelibeba koti la babu yake mikononi kama mtoto wa kubatizwa. Verlin aligeuza mkono wa koti, akamulika.

"Babu yako alipigana wapi?"

"Argonne, bwana, kule Ufaransa. Alijeruhiwa huko."

"Basi alipigana Argonne akiwa ameshonewa kwa uzi wa mwaka wa themanini. Mpe hongera zangu."

Jamaa hakuonekana tena kwenye maonyesho. Verlin alisema yeye si mkatili, ni mkweli, na watu wa namna hiyo kwa kawaida ndio wa mwisho kujua tofauti.

Kitu kimoja kilimkaa rohoni. Katika makoti yote thelathini na moja, hakuna hata moja lililovaliwa na kijana wa Pruett, mji wake mwenyewe. Vijana arobaini na wanne walitoka Pruett kwenda Ufaransa, na inaonekana waliporudi walivaa makoti yao kulishia nguruwe mpaka yakaisha. Kwa hiyo mwaka 2018, ukumbi wa wastaafu wa vita ulipotaka kuadhimisha miaka mia tangu vita viishe, kwa kuweka kabati la kioo lenye koti moja la mtoto wa mji, Verlin alilazimika kukaa kwenye kikao na kumeza wembe. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Marlin Kuhns, mkusanyaji mwenzake, waliyechukiana naye kwa adabu kwa miaka ishirini.

"Koti lipo," alisema Marlin. "La Emmett Ridenour. Binti yake analo. Tunachohitaji ni mtu wa kulitengeneza likae vizuri kwenye kioo. Mtu mwenye mkono mzuri." Akamtazama Verlin. "Kama hatapatikana, basi tutakutumia wewe."

Verlin akaenda kwa Opal Ridenour mwezi wa tisa. Opal alikuwa na miaka tisini na mitatu, hakuwahi kuolewa, na macho yake yalikuwa yamezimika zaidi ya miaka kumi, kama yalivyozimika ya bibi yake. Alikaa jikoni na koti limekunjwa mapajani. Hakulitoa mara moja. Kidole gumba chake kilipanda polepole kwenye mkono wa kushoto wa koti, kikafika mahali fulani kati ya kiwiko na bega, kikatulia hapo, kikienda na kurudi. Verlin alikwisha ona vikongwe wengi wakichezea nguo, hakutilia maanani. Yeye alikuwa anaangalia lebo.

"Nitakuletea na picha," alisema Opal. "Ruthanne ataitafuta. Lakini sikiliza, bwana Stoltz. Hili lirudi kama lilivyokwenda."

"Bibi, mimi siongezi wala sipunguzi. Ndiyo kazi yangu."

"Umeahidi?"

"Nimeahidi."

Koti likalala na pai wiki mbili. Lilipotoka, Verlin alilitandaza mezani, akalikagua mshono kwa mshono, na moyo ukamdunda kama wa kijana. Lilikuwa halisi. Lebo ipo, jina la mkaguzi wa kiwanda lipo, bitana haijaguswa, utepe wa dhahabu wa miezi sita ng'ambo uko pale pale karibu na pindo la mkono. Kisha akafika kwenye utepe mwekundu, na uso ukamkunjamana kama aliyenusa ini lililooza.

Utepe mwekundu ndio askari alioruhusiwa kuuvaa akishamaliza utumishi wake kwa heshima. Hushonwa kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, wenye umbo la paa la kibanda, ncha juu. Wa Emmett Ridenour ulikuwa kichwa chini. Paa limekuwa faneli. Tena umeshonwa na mtu wa kufunga magunia, kwa uzi mnene mweusi wa viatu, mishono mingine mirefu, mingine mifupi, mmoja umepotea njia kabisa.

"Tazama upuuzi huu," alimwambia Arlene. "Mpwa fulani kaokota utepe sakafuni akaubandika. Watu watacheka. Marlin atacheka."

"Kwani ni koti la Marlin?"

"Koti litakaa kwenye kioo miaka mia nyingine, na mimi ndiye nimelikagua!"

"Wewe umeahidi kulirudisha kama lilivyo."

"Kulirudisha kama lilivyokuwa, Arlene. Kabla ya mjinga kulishika."

Jumamosi asubuhi Arlene alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Verlin alichukua wembe mdogo, akaupitisha chini ya utepe, akakata. Alikuwa na mkono mwepesi, ni lazima kusema ukweli. Kwa robo saa utepe ulikuwa umetoka, alama za sindano zimesuguliwa kwa ukucha, vipande vya uzi vimefagiliwa chini ya meza. Akaugeuza ukawa paa. Akaushona upya kwa uzi wa kahawia wa mwaka 1917 aliokuwa ameununua kwa bei ya kuona haya, mishono midogo iliyopangana kama meno ya mtoto wa tajiri. Akasogea nyuma hatua tatu, akajipongeza kwa dhati. Arlene aliporudi akapitisha mashine ya kufyonza vumbi chini ya meza, kama kila Jumamosi.

Siku tatu kabla ya sherehe, mlango ukagongwa. Alikuwa Ruthanne, binti wa kaka yake Opal, ana bahasha mkononi.

"Samahani nimechelewa, picha ilikuwa kwenye dari. Shangazi anasema msisahau kuwaeleza watu habari ya utepe."

"Utepe gani?" aliuliza Verlin.

"Si ule ulio kichwa chini." Ruthanne akacheka. "Babu Emmett alishuka kwenye treni nao mfukoni, huko kambini walimpa tu, akashone mwenyewe. Mama yake, Huldah, alikuwa haoni tena. Akasema, nipe. Akaushona kwa kupapasa. Watu walimcheka Babu mjini, wakamwambia umevaa alama kichwa chini. Akawajibu, mama yangu ndiye aliyenipokea, nani wa kunigeuza? Hakumruhusu mtu kuugeuza mpaka anakufa. Gwaride kila mwaka, kichwa chini hivyo hivyo."

Kwenye picha kijana mwembamba alisimama na mwanamke mfupi aliyetazama pembeni ya kamera. Utepe ulionekana vizuri, faneli. Nyuma mtu ameandika kwa penseli: Mei 1919, Mama ameushona mwenyewe.

Verlin alishukuru, akafunga mlango, akakaa kwenye ngazi. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kukusanya makoti alikuwa amepewa hadithi ya kweli, tena bure, na yeye ndiye aliyeikata kwa wembe. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Arlene alikuwa amesikia yote akiwa jikoni. Hakusema nilikuambia, jambo ambalo lingekuwa nafuu. Alileta mashine ya kufyonza vumbi, akaufungua mfuko wake, akaumwaga juu ya gazeti katikati ya sebule. Hapo mkaguzi mkuu wa makoti akapiga magoti kwenye vumbi la mwezi mzima, akipekua nywele, makombo ya mkate na manyoya ya paka aliyekufa mwaka juzi. Walipata vipande vitatu vya uzi mweusi, kirefu kuliko vyote kikiwa sawa na kidole. Kulikuwa na vijipunje vyeusi pia, vingi, kama ufuta. Verlin akavipuliza pembeni, vilikuwa vinamsumbua macho.

"Haitoshi," alisema. "Lakini ninao uzi wa viatu wa zamani, mweusi, ule ule. Na picha ninayo. Nitaurudisha ulivyokuwa."

"Kwanza nenda kamwambie."

"Haoni, Arlene. Hatajua."

"Sikukuuliza kama atajua. Nimesema nenda kamwambie."

"Nikishaushona, kutakuwa na nini cha kusema?"

Arlene alikunja gazeti pamoja na vumbi lake, akatoka kwenda kulitupa kwenye pipa la nje. Kesho yake gari la taka lilipita kama kawaida, maana halijawahi kuchelewa siku ambayo mtu angetamani lichelewe.

Verlin alishona siku mbili. Aliweka picha chini ya kioo cha kukuzia, akafuata tundu moja moja la sindano ya Huldah lililobaki kwenye utepe, mshono mrefu, mfupi, ule uliopotea njia. Vile vipande vitatu akavitumia mwanzoni. Mtu aliyeishi kwa kuwaumbua waghushi aligundua, katika umri wa miaka sabini na moja, kwamba amejaliwa kipaji. Alipomaliza alimulika kwa tochi yake mwenyewe, na uzi ukabaki kimya. Usingeweza kujua. Hata yeye asingeweza kujua, na hilo lilimtuliza kuliko ilivyostahili.

Tarehe kumi na moja mwezi wa kumi na moja ukumbi ulijaa. Kulikuwa na bendera, kahawa, na mikate yenye nyama ya nguruwe iliyokatwa nyembamba kiasi cha kusomea gazeti. Koti lilisimama ndani ya kabati, mlango wa kioo bado wazi, kibao cha shaba chini yake: Koti la Emmett Ridenour, limeazimwa kutoka kwa binti yake Opal. Marlin Kuhns hakuweza kujizuia. Alitoa tochi yake ya zambarau mbele ya watu wote, akamulika koti tangu kola hadi pindo, na alipofika kwenye utepe akakaa hapo muda mrefu akiomba Mungu ampe kitu. Mungu hakumpa.

"Safi," alisema, kwa sauti ya mtu anayelipa faini. "Ndugu zangu, hili halijaguswa na mkono wa mtu tangu 1919. Na mtaona utepe uko kichwa chini. Ruthanne, waeleze."

Ruthanne akaeleza. Watu wakacheka, kisha wakafuta machozi, kisha wakapiga makofi. Mtu fulani alimpiga Verlin begani akamwambia hongera, fundi. Verlin akatabasamu kwa meno tu.

"Nisogezeni," alisema Opal. "Nilishike kabla hamjalifunga."

Walimsogeza. Mkono wake ulipata pindo la mkono wa koti, ukapanda bila haraka, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba yake. Kidole gumba kikafika kwenye utepe. Kikaenda. Kikarudi. Kikazunguka ukingo wote, kikaanza upya, na uso wa kikongwe ukabadilika kidogo kidogo mpaka watu wa mbele wakaacha kutafuna.

"Nani ameshona hapa?"

Marlin alicheka. "Bibi yako, mama. Tumepima sasa hivi. Uzi wa zamani kabisa."

"Bibi yangu alikuwa akiweka fundo kila baada ya mshono," alisema Opal. "Hakuona uzi unapoishia, aliogopa utachomoka. Alikuwa anayaficha chini ya ukingo, lakini ukigusa unayasikia. Nikiwa mtoto, mahubiri yakizidi urefu, baba alikuwa ananipa mkono wake niyahesabu ninyamaze. Mafundo kumi na tisa." Kidole kilipita tena. "Hapa hakuna hata moja."

Marlin aliitazama tochi yake kama imemdanganya makusudi. Verlin alikumbuka vile vijipunje vyeusi kama ufuta, na pumzi yake mwenyewe ikivipuliza pembeni. Arlene alikuwa amesimama nyuma yake, hakumsukuma, hakumgusa. Verlin angeweza kunyamaza. Mzee wa miaka tisini na mitatu, kumbukumbu za kanisani, nani angemwamini kuliko tochi? Kila mtu mle ndani alikuwa tayari kumwambia Opal, taratibu, kwa upendo, kwamba amesahau.

"Mimi," alisema Verlin.

"Wewe nani?"

"Stoltz, bibi. Niliutoa. Niliona uko kichwa chini, nikaugeuza. Picha ilipokuja nikaurudisha. Mafundo... mafundo sikuyaona."

"Uliniambia huongezi wala hupunguzi."

"Nilidhani narekebisha kosa."

"Baba yangu alikaa na kosa hilo miaka hamsini na mbili. Wewe lilikushinda mwezi mmoja?"

Verlin angetoa makoti yake yote thelathini na moja, na friza juu yake, apate punje moja ya ule ufuta.

"Ruthanne," alisema Opal, "nirudishe nyumbani."

"Na koti, shangazi?"

"Mwachie mwenyewe. Mimi nilileta jingine."

Verlin alimpelekea koti mara mbili, likiwa limefungwa vizuri kwa karatasi, na mara mbili akalikuta barazani kwake. Ruthanne alisema hasira zimekwisha, ila shangazi hana la kulifanyia. Kamati, ambayo haijawahi kuacha kabati tupu ikiwa kuna kitu cha kuweka, iliandaa kibao kipya cha shaba: Kutoka mkusanyiko wa Verlin Stoltz. Hivyo basi akapata alichokuwa anakililia, koti la kijana wa Pruett, la thelathini na mbili, na jina lake limeandikwa kwa shaba mahali ambapo mji mzima hupita kwenda kunywa kahawa.

Alikwenda na bisibisi akakiondoa kibao hicho mwenyewe. Mahali pake akaweka kadi, imeandikwa kama alivyokuwa akiandika ripoti za machinjio, mistari mitano: Koti, halisi. Utepe, halisi. Mahali pa utepe, sahihi, kichwa chini. Mishono, ya kughushi. Mkaguzi na mghushi, V. Stoltz. Marlin alisema kadi hiyo inaaibisha ukumbi. Verlin akamwambia haiaibishi ukumbi.

Ruthanne alipita hapo majuma kadhaa baadaye, akaisoma, akaenda kumsomea shangazi yake. Opal alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kidole gumba kikitembea juu ya aproni.

"Hajataja mafundo?"

"Hapana, shangazi."

"Mwambie."

Ruthanne akamwambia, na asubuhi iliyofuata Verlin alikuwa mlangoni pa ukumbi kabla haujafunguliwa. Aliongeza mstari wa sita kwa kalamu yake, taratibu, herufi kubwa: Mafundo kumi na tisa, yametupwa.